MUHAMMAD ALI: BINGWA WA MARUDIANO



Ndugu wanafunzi, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), tunapenda katika kurasa hizi tuangalie maisha ya ndugu yetu Muhammad Ali, bondia wa Marekani aliyefariki mwaka 2016. Wengi wenu mmeiona picha yake ukutani kwenye vinyozi na kwenye mabanda ya chai, lakini ni wachache wanaojua alipigana na nani, alishinda wapi na alishindwa wapi.

Kabla hatujaendelea, tuseme wazi jambo moja. Hatuandiki haya ili mtoke madrasa mkavae glovu. Mtume (S.A.W.) amekataza kupiga uso, na wanazuoni wengi wa zama zetu wameziharamisha ngumi za ulingoni kwa sababu lengo lake ni kumdhuru mwenzako. Bondia huyu mwenyewe ni ushahidi wa madhara hayo, kama mtakavyoona mbele. Tunachokitafuta ni kitu kingine. Katika ngumi kuna kitu kinaitwa pambano la marudiano: aliyeshindwa anapewa nafasi ya pili dhidi ya yule yule aliyemshinda. Muhammad Ali alipigana marudiano mengi kuliko mabingwa wengi, na humo ndimo tunamoiona tabia yake. Lakini pia yalikuwapo mambo aliyoyapoteza ambayo hayakuwa na marudiano. Tuyatazame yote mawili.

Utoto wake

Alizaliwa tarehe 17 Januari 1942 katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, akaitwa Cassius Marcellus Clay kwa jina la baba yake. Baba alikuwa mchoraji wa mabango ya biashara na mama alifanya kazi za ndani katika nyumba za Wazungu. Enzi hizo mtu mweusi katika majimbo ya kusini ya Marekani alikuwa na shule yake, hoteli yake na kiti chake cha nyuma ndani ya basi.

Mwaka 1954, akiwa na umri wa miaka 12, baiskeli yake iliibiwa. Alikwenda kwa polisi mmoja aliyeitwa Joe Martin huku analia, akasema atampiga mwizi wake. Yule polisi alikuwa pia anafundisha ngumi, akamshauri ajifunze kupigana kwanza kabla ya kutoa vitisho. Mtoto akaanza mazoezi. Miaka sita baadaye, mwaka 1960, alikuwa Roma kwenye michezo ya Olimpiki, akarudi na medali ya dhahabu akiwa na umri wa miaka 18. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo alipigana pambano lake la kwanza la kulipwa katika ukumbi wa Freedom Hall, mjini kwao Louisville. Likumbukeni jina la ukumbi huo, tutalirudia mwishoni.

Liston, mara ya kwanza na ya pili

Bingwa wa dunia wa uzito wa juu wakati ule alikuwa Sonny Liston, mtu aliyewahi kufungwa jela na aliyeogopwa na kila bondia. Alikuwa amempiga bingwa aliyemtangulia, Floyd Patterson, mara mbili, mwaka 1962 na mwaka 1963, na mara zote mbili katika raundi ya kwanza. Kijana wetu alipopewa nafasi ya kupigana naye, waandishi karibu wote walisema atapigwa vibaya.

Walikutana tarehe 25 Februari 1964 huko Miami Beach. Kijana alikuwa mwepesi wa miguu, akawa anazunguka huku Liston anapiga hewa. Baada ya raundi ya nne macho yake yakaanza kuwaka moto kwa dawa iliyomwingia, akawa haoni vizuri. Alitaka avuliwe glovu, pambano liishe. Mkufunzi wake, Angelo Dundee, akamsukuma arudi ulingoni na kumtaka akimbie mpaka macho yafunguke. Akakimbia raundi nzima akiwa nusu kipofu. Macho yalipofunguka mambo yakageuka. Kengele ya raundi ya saba ilipolia Liston alibaki amekaa kwenye kiti chake, akilalamikia bega. Kijana wa miaka 22 akawa bingwa wa dunia.

Asubuhi yake akawathibitishia waandishi wa habari kwamba yeye ni Mwislamu. Alikuwa amejiunga na jumuiya ya Elijah Muhammad, iliyojulikana kwa jina la Nation of Islam, na tarehe 6 Machi 1964 akapewa jina la Muhammad Ali. Jumuiya ile ilikuwa na itikadi ambazo sisi Ahlu Sunna hatukubaliani nazo, na yeye mwenyewe baadaye alitoka humo. Lakini ndiyo iliyokuwa mlango wake wa kwanza.

Marudiano na Liston yalipangwa Novemba 1964 mjini Boston, yakaahirishwa kwa sababu Ali alifanyiwa upasuaji wa ngiri. Chama cha ngumi cha WBA kilikuwa kimeshamnyang'anya mkanda wake kwa kosa la kukubali marudiano hayo ya haraka. Hatimaye walikutana tarehe 25 Mei 1965 katika mji mdogo wa Lewiston, jimbo la Maine, mbele ya watu 2,434 tu. Katika raundi ya kwanza Ali alirusha konde fupi la kulia, Liston akaanguka. Watu wengi hata hawakuiona ngumi yenyewe, na mpaka leo wapo wanaosema Liston alijiangusha. Sisi hatuna la kuongeza juu ya hilo. Refa alisimamisha pambano na Ali akabaki bingwa.

Ugomvi wa jina

Katika miaka iliyofuata alitetea ubingwa wake mara kwa mara. Mwaka 1966 alirudi London kupigana na Henry Cooper, Mwingereza aliyewahi kumwangusha kwa ngumi ya kushoto mwaka 1963 kabla ya kushindwa. Katika marudiano Ali alikuwa ameshajifunza kuukwepa mkono ule, na pambano lilisimamishwa raundi ya sita kwa sababu ya jeraha la Cooper karibu na jicho.

Lakini mapambano mawili ya wakati huo yalikuwa na jambo zaidi ya mkanda. Floyd Patterson mwaka 1965, na Ernie Terrell mwaka 1967, walikataa kumwita Muhammad Ali. Waliendelea kumwita Clay, jina ambalo yeye aliliita jina la utumwa. Patterson alipigwa mpaka pambano likasimamishwa raundi ya 12. Terrell, aliyekuwa na mkanda wa WBA, alipigwa kwa raundi zote 15 tarehe 6 Februari 1967 mjini Houston, na kila baada ya ngumi Ali alikuwa anamwuliza jina lake ni nani. Magazeti yalimlaumu kwamba alimtesa mtu ambaye angeweza kummaliza mapema.

Ndugu wanafunzi, kulipenda jina zuri ni jambo jema, na Ali alilitukuza jina hilo maisha yake yote. Mwaka 2002 alipowekewa nyota yake katika njia ya mashuhuri huko Hollywood, alikataa isiwekwe chini kama za wenziwe, kwa kuwa hakutaka jina la Muhammad likanyagwe na watu. Nyota yake iko ukutani. Ila heshima ya jina haimpi mtu ruhusa ya kumdhalilisha mwenzake, na usiku ule wa Houston hatuuhesabu katika mema yake.

Pambano lililokuwa nje ya ulingo

Mwaka 1967 Marekani ilikuwa vitani Vietnam, na Ali aliitwa jeshini. Tarehe 28 Aprili alifika kwenye kituo cha jeshi mjini Houston. Jina lake likaitwa, akatakiwa apige hatua moja mbele kuonyesha kwamba amekubali. Hakupiga hatua. Alisema dini yake haimruhusu kwenda kuua watu wasiomkosea kitu.

Adhabu haikuchelewa. Leseni yake ya ngumi ikafutwa na ubingwa akanyang'anywa. Mwezi Juni mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 5 jela na faini ya dola 10,000. Alibaki nje kwa dhamana akisubiri rufaa, lakini pasi ya kusafiria ilichukuliwa na hakuna jimbo lililomruhusu kupigana. Alikuwa na miaka 25, umri ambao bondia anakuwa na nguvu zake zote. Alikaa bila pambano kuanzia Machi 1967 hadi Oktoba 1970, akiishi kwa kutoa mihadhara vyuoni.

Wapo waliomweleza kwamba angeweza kuingia jeshini na kupewa kazi nyepesi ya kuwaburudisha askari, bila kushika bunduki. Alikataa pia. Tarehe 28 Juni 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta hukumu ile kwa kura 8 bila ya kupingwa. Uhuru wake ulirudi, ila ile miaka mitatu na nusu ya ujana wake hakuna mahakama iliyoweza kumrudishia.

Frazier na Norton

Aliporudi, bingwa alikuwa Joe Frazier, mtoto wa wakulima maskini wa South Carolina, mfupi kidogo, mwenye ngumi ya kushoto ya kutisha. Tunataka mjue kwamba wakati Ali amefungiwa, Frazier alikuwa miongoni mwa waliomtetea arudishiwe leseni, na alimsaidia fedha.

Walipigana tarehe 8 Machi 1971 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Wote wawili walikuwa hawajawahi kushindwa, na kila mmoja alilipwa dola milioni 2.5, fedha ambazo hazijapata kulipwa kwa bondia kabla ya siku hiyo. Katika raundi ya 15 mkono wa kushoto wa Frazier ulimpata Ali kwenye taya akaanguka chali. Alinyanyuka mara moja na kumaliza pambano, lakini majaji wote walimpa ushindi Frazier. Hiyo ndiyo mara ya kwanza Ali kushindwa.

Mwaka uliofuata, 1972, alikwenda Makka kuhiji. Kisha tarehe 31 Machi 1973 akashindwa mara ya pili, na Ken Norton huko San Diego, mtu ambaye wengi hawakumjua. Norton alimvunja taya, na Ali akamaliza pambano taya likiwa limevunjika. Watu wakasema ameisha. Alitibiwa, akarudi mazoezini, na tarehe 10 Septemba mwaka huo huo akapigana tena na Norton huko Inglewood, California. Alishinda kwa tofauti ndogo sana. Tarehe 28 Januari 1974 akakutana tena na Frazier New York, na safari hii akashinda yeye kwa pointi baada ya raundi 12. Katika muda usiotimia mwaka mmoja alikuwa amewarudia wote wawili waliomshinda.

Kinshasa, 1974

Lakini mkanda haukuwa tena kwa Frazier. George Foreman alikuwa amemwangusha Frazier mara sita ndani ya raundi mbili huko Jamaica mwaka 1973, na mwaka 1974 akammaliza Norton pia katika raundi mbili. Foreman alikuwa amepigana mara 40, ameshinda zote, na 37 kati ya hizo kwa KO. Alikuwa na miaka 25. Ali alikuwa na miaka 32.

Pambano hili lilifanyika Afrika, katika mji wa Kinshasa, nchi ambayo wakati ule iliitwa Zaire na leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Serikali ya Rais Mobutu ilitoa dola milioni 5 kwa kila bondia. Lilipangwa mwezi Septemba, Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini, likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba. Katika wiki hizo za kusubiri Ali alitembea mitaani, akazungumza na watu na kucheza na watoto, na mji mzima ukawa upande wake. Pambano lilianza kiasi cha saa kumi alfajiri ili Wamarekani waweze kuliangalia jioni kwao. Watu wapatao 60,000 walikuwa uwanjani.

Kila mtu alitegemea Ali atakimbia. Hakukimbia. Kuanzia raundi ya pili aliegemea kamba za ulingo, akaficha uso kwa mikono, akamwacha Foreman apige. Foreman akapiga mbavu, akapiga mikono, akapiga kwa nguvu zake zote katika joto la Kinshasa, raundi baada ya raundi. Kona ya Ali walikuwa wanampigia kelele atoke kwenye kamba, yeye hakuwasikiliza. Alikuwa anamwona Foreman anachoka. Mwishoni mwa raundi ya nane alitoka ghafla kwenye kamba na kumrushia ngumi mfululizo, ya mwisho ya kulia, na yule jabali akazunguka na kuanguka. Ali akawa bingwa tena, miaka saba baada ya kunyang'anywa mkanda kwa kukataa vita.

Foreman aliomba marudiano, hakuyapata. Alikaa na uchungu miaka mingi, kisha akawa mhubiri wa Kikristo, na mwaka 1994, akiwa na miaka 45, akautwaa tena ubingwa wa dunia. Baadaye yeye na Ali wakawa marafiki wakubwa mpaka Ali alipofariki.

Manila na deni la ulimi

Mwaka 1975 Elijah Muhammad alifariki, na mwanawe, Warith Deen Mohammed, akaiongoza jumuiya ile kuelekea Uislamu wa Sunna. Ali alimfuata. Katika mwaka huo huo, tarehe 1 Oktoba, alipambana na Frazier kwa mara ya tatu, karibu na Manila, nchini Ufilipino.

Kabla ya pambano Ali alimfanyia Frazier jambo ambalo hatuwezi kulipamba. Alimwita sokwe mbele ya waandishi wa habari, tena akiwa ameshika mwanasesere wa sokwe na kuupiga ngumi huku watu wanacheka. Mtu mweusi anamwita mweusi mwenziwe sokwe mbele ya dunia nzima, na mtu mwenyewe ni yule aliyemsaidia wakati wa dhiki! Watoto wa Frazier walitaniwa shuleni kwa maneno hayo.

Walipigana asubuhi, katika joto kali. Ali alitangulia, Frazier akamrudia katikati, kisha Ali akapata nguvu za mwisho. Baada ya raundi ya 14 macho ya Frazier yalikuwa yamevimba hata haoni ngumi zikija. Mkufunzi wake, Eddie Futch, alikataa kumruhusu arudi kwa raundi ya 15 ingawa Frazier mwenyewe alitaka kuendelea. Ali alishinda, lakini alianguka kwa uchovu, na alisema baadaye kwamba hajawahi kuwa karibu na mauti kama siku ile.

Baada ya pambano Ali alimwita Marvis, mtoto wa Frazier, akamtuma amfikishie baba yake kwamba anajuta kwa maneno yake. Frazier hakuridhika. Alitaka aambiwe yeye mwenyewe, uso kwa uso. Miaka ikapita. Mwaka 2001, miaka 30 baada ya pambano lao la kwanza, Ali aliomba radhi kupitia gazeti. Frazier alisema ameipokea, lakini kidonda kile kiliendelea kumwuma mpaka mwisho wa maisha yake. Alifariki mwezi Novemba 2011, na Ali, akiwa mgonjwa na hawezi kusema vizuri, alisafiri mpaka Philadelphia kuhudhuria mazishi yake.

Ngumi za Manila zilipona katika wiki chache. Neno moja halikupona kwa miaka 36.

Spinks, na kutojua kuacha

Mwaka 1976 alipigana na Norton mara ya tatu New York na kupewa ushindi ambao wengi hawakuukubali. Tarehe 15 Februari 1978 alipigana Las Vegas na Leon Spinks, kijana aliyekuwa amepigana mapambano 7 tu ya kulipwa. Ali alimdharau, hakufanya mazoezi ya kutosha, akapoteza ubingwa. Hakuwatupia lawama majaji wala refa. Alirudi mazoezini, akajinyima, akakimbia alfajiri akiwa na miaka 36, na tarehe 15 Septemba 1978 mjini New Orleans, mbele ya watu zaidi ya 63,000, alimshinda Spinks kwa pointi katika raundi 15. Alikuwa mtu wa kwanza kuutwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu mara tatu.

Angeishia hapo ingekuwa kheri. Alistaafu mwaka 1979, kisha akarudi. Tarehe 2 Oktoba 1980 alipigwa na Larry Holmes, aliyewahi kuwa mwenzake wa mazoezi, mpaka Angelo Dundee akasimamisha pambano baada ya raundi ya 10. Desemba 1981 alishindwa na Trevor Berbick huko Bahamas, na hapo ndipo alipoacha kabisa. Kwa jumla alipigana mara 61, akashinda 56 na kushindwa 5. Watatu wa mwanzo waliomshinda aliwarudia akawashinda. Wawili wa mwisho hakuwarudia, mwili ulikuwa umekataa.

Mwaka 1980 pia alifika kwetu Afrika Mashariki. Rais Carter wa Marekani alimtuma katika nchi tano za Afrika, zikiwemo Tanzania na Kenya, kuzishawishi zisusie michezo ya Olimpiki ya Moscow kwa sababu ya Urusi kuivamia Afghanistan. Alipofika Dar es Salaam waandishi walimwuliza kwa nini Marekani haikuwaunga mkono Waafrika walipoisusia michezo ya mwaka 1976 kwa ajili ya Afrika Kusini. Alikiri kwamba hakuwa na habari hiyo. Rais Nyerere hakukubali kuonana naye. Tanzania ilikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Kenya ilisusia. Ali aliondoka akiwa amejifunza kwamba umaarufu hautoshi pale ambapo mtu hakuisoma habari aliyotumwa kuisema.

Ugonjwa na mauti

Mwaka 1984 madaktari walimwambia kwamba ana maradhi ya Parkinson, ambayo hutetemesha mikono na kukokota ulimi. Wengi waliamini ngumi alizopigwa kichwani zilichangia. Ulimi uliokuwa ukitamba kuliko ndimi zote za wanamichezo ukawa mzito. Hata hivyo hakujificha. Mwaka 1990 alikwenda Iraq na kurudi na Wamarekani 15 waliokuwa wameshikiliwa mateka. Mwaka 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta huku mkono unatetemeka mbele ya dunia. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulimteua kuwa mjumbe wa amani.

Alifariki tarehe 3 Juni 2016 akiwa na umri wa miaka 74. Aliswaliwa tarehe 9 Juni mjini Louisville, na maelfu ya Waislamu na wasiokuwa Waislamu walihudhuria. Swala hiyo ya jeneza ilifanyika Freedom Hall, ukumbi ule ule alimopigana pambano lake la kwanza la kulipwa mwaka 1960. Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe makosa yake.

Mafunzo tunayoyapata

Ndugu wanafunzi, katika maisha haya tunaona mambo yafuatayo:

1. Kushindwa mara moja si mwisho. Alianguka mbele ya Frazier, akavunjwa taya na Norton, akadharauliwa baada ya Spinks, na kila mara alirudi kwanza mazoezini, kisha ulingoni. Mwenzetu aliyeanguka mtihani wa tajwidi, au aliyekwama katika juzuu moja mwaka mzima, asijifiche nyumbani. Arudi kwa mwalimu wake akaanze upya.

2. Mwenye kudharau hushindwa. Spinks alishinda kwa sababu Ali alimwona mdogo.

3. Msimamo una gharama yake. Ali hakusema maneno tu. Alilipa mkanda, fedha na miaka mitatu na nusu ya ujana wake.

4. Kujua kuacha nako ni hekima. Mapambano mawili ya mwisho hayakumwongezea heshima, yalimwongezea maumivu.

5. Na hili ndilo kubwa kuliko yote: si kila kitu kina marudiano. Mwaka 1964 rafiki yake Malcolm X, aliyekuwa amemwongoza katika mambo mengi, alikuwa amejitenga na Elijah Muhammad na ametoka kuhiji. Walikutana mjini Accra, nchini Ghana, Ali akampa mgongo. Miezi tisa baadaye, Februari 1965, Malcolm aliuawa. Ali aliandika uzeeni kwamba kumpa mgongo Malcolm ni miongoni mwa makosa aliyoyajutia zaidi maishani mwake. Liston alimpata mara ya pili, na Frazier alimpata mara ya pili na ya tatu. Malcolm hakumpata tena.

Kwa hiyo, ewe mwanafunzi, kama una mwenzako uliyemtukana, uliyemcheka kwa rangi yake, umaskini wake au kusoma kwake kwa kukwama, usingoje gazeti na usimtume mtu. Mwendee mwenyewe leo, baada ya Alasiri, umwombe radhi. Hujui kama kesho atakuwepo, wala hujui kama wewe utakuwepo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie uimara katika haki, atuhifadhie ndimi zetu, na atupe mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq.